Invincible: Compendium 3 au Ultimate Collection 12?

Mkaazi_Entebbe: Ndugu zangu, nimeangalia katuni ya Invincible, sasa nataka komiki yenyewe, yote. Nichukue vitabu 3 vinene vya mkusanyo, Compendium, au vile 12 vya Ultimate Collection? Nipo karibu na ziwa, unyevu mwingi, na wakala wa mizigo anatoza kwa kilo.

Msomaji_Mbarara: Compendium. Matoleo ni 144, ya 2003 hadi 2018, nayo yamegawanywa hivi: 1–47, 48–96, 97–144. Utamu wa hadithi hii ni kuisoma kwa mkupuo. Kirkman, mwandishi wake, hudokeza jambo katika kurasa mbili za pembeni, analiacha kama amelisahau, halafu matoleo mengi baadaye linalipuka. Aliyekuwa akinunua kila mwezi ilibidi akumbuke. Wewe unafunua nyuma tu. Utaona pia mkono wa mchoraji ukibadilika: Cory Walker anaanza, Ryan Ottley anapokea toleo la 8. Usitegemee mpangilio wa katuni, lakini. Mauaji ya Guardians of the Globe, kundi la mashujaa, yanayofunga sehemu ya kwanza kwenye skrini, kitabuni yanasubiri hadi toleo la 7. Mimi naona yanauma zaidi hivyo, maana umeshazoea vichekesho vya shule na nyumbani.

Nnyabo_Vitabu: Sawa, ila Compendium ni jalada laini, kurasa zaidi ya 1,000 juu ya mgongo wa gundi. Ukiifungua katikati siku ya kwanza na kuikandamiza, mgongo unapasuka, kisha kurasa zinaanza kuchomoka. Isimamishe mezani kwa mgongo, laza jalada la mbele, la nyuma, halafu kurasa 20 hivi kila upande, ukipitisha kidole taratibu kwenye mkunjo, mpaka ufike katikati. Kuisoma umelala chali, sahau. Zile 12 zina jalada gumu na michoro ya rasimu mwishoni, ila kwa bei ya kilo utalia.

Fundi_Jalada: Kuhusu unyevu: usiifunge kabisa kwenye nailoni, jasho likibaki ndani ukungu unaota. Rafu iwe mbali kidogo na ukuta wa nje. Karatasi zinazong'aa zikilowa, zitenganishe moja moja zingali mbichi; zikikaukia pamoja zinagandana na rangi inabanduka. Mgongo ukikatika, mafundi wa Nasser Road hapo Kampala wanabandika upya, ila waambie wasikate sana upande wa ndani. Michoro iliyotanda kurasa mbili itamezwa na mkunjo.