Kodi ya jengo mnakata kwenye LUKU kila mwezi, kalavati letu la mtaani ni la nani?

Wakuu, mwanzo wa mwezi huu nimenunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, wa shilingi 5,000. Zimekuja yuniti 9.8. Mwenye mita ya nyumbani ya kawaida anajua elfu tano ni yuniti 14. Nikafungua meseji nisome mstari kwa mstari: VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, halafu shilingi 1,500 imekatwa kama deni. Deni! Mimi sijamkopa mtu umeme. Ni kodi ya jengo.

Kabla hamjanirukia: sipingi kodi. Nyumba nimejenga, kodi nitalipa, na 18,000 kwa mwaka si hela ya kumfilisi mtu. Ninachotaka kujua ni kimoja tu. Hela hii ikishatoka kwenye simu yangu, nani anawajibika kwangu nayo? Maana nimegonga milango mpaka nimechoka, na kila nilipoingia nimeambiwa "hapa siyo".

Waliokaa mjini muda mrefu wanakumbuka kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri. Walikuja vijana na madaftari, wanabandika makaratasi getini, wanatishia mahakama. Walikuwa wasumbufu, tena wengine walikuja na njaa zao binafsi, lakini ulijua ofisi ilipo na ulijua kuna diwani anayekaa kwenye kikao cha kugawa hela hiyo. Mwaka 2016 ikapelekwa TRA, Mamlaka ya Mapato. Tarehe 20 Agosti 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, buku (1,000) kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 wakapandisha, ndiyo hii 1,500 ya sasa, na ghorofa 7,500 kwa sakafu. Kwa kukusanya wametuweza, hilo halina ubishi. Ukigoma unalala giza.

Lakini urahisi wote umeishia kwenye kukusanya. Hela inaingia Mfuko Mkuu wa Serikali, huko inachanganyika na nyingine zote, halmashauri inabaki kusubiri mgawo, na mimi nabaki na meseji yenye tarakimu 20 za tokeni.

Halafu kuna huu uhuni wa mita. Kwangu kuna nyumba kubwa na vyumba vya wapangaji uani. Kiwanja kimoja, mwenye nyumba mmoja, mita tatu, kwa sababu mwaka niliojenga vile vyumba kila mtu alikuwa anashauri uwatenganishie wapangaji umeme wasigombane. Sheria inatoza jengo. Mfumo unatoza mita. Tatu mara 1,500 ni 4,500 kwa mwezi, 54,000 kwa mwaka, badala ya 18,000. Na mita mbili kati ya hizo anayenunua umeme ni mpangaji, ambaye hana hata tofali moja pale. Mwaka ule wa 2021 tuliambiwa mpangaji na mwenye nyumba watakubaliana wenyewe. Watakubaliana vipi? Dada anayechoma maandazi chumba cha mwisho ananunua umeme wa elfu mbili mwanzo wa mwezi, zinaingia yuniti 1.4. Moja nukta nne! Hiyo hata pasi haimalizi shati za wiki. Mimi namkatia kwenye kodi ya chumba, lakini ni wenye nyumba wangapi mtaani wanafanya hivyo? Wengi wanamwambia "serikali ndiyo imekukata, nenda kaidai".

Nikaambiwa kodi ya mita za ziada inaondolewa, ni kwenda kutoa taarifa tu. Haya. Ofisi ya kwanza wakasema wao wanakusanya tu, mwenye kodi ni mwingine. Ofisi ya pili wakasema sawa, leta namba za mita zote, kitambulisho, uthibitisho wa umiliki na barua ya serikali ya mtaa. Hapo kwenye barua ndipo mnaponiudhi Watanzania. Ili upate barua unaanzia kwa mjumbe wa shina. Mjumbe wa shina ni wa chama, wakuu. Vyama vingi vimerudi tangu 1992, lakini mpaka leo mtu hawezi kuthibitisha kwamba nyumba anayoishi ni yake mpaka apite kwa mjumbe wa chama kimoja, akiwa mwanachama au asiwe. Mjumbe mwenyewe ni mzee mstaarabu, ana daftari lake, hana neno. Ukitoka kwake unaenda kwa mtendaji. Mtendaji anakuandikia, anagonga muhuri, halafu anasema "changia karatasi, elfu tano". Risiti? Akaniangalia kama nimemtukania mama.

Elfu tano nimetoa. Barua nimepeleka. Mita bado zinakatwa zote tatu.

Sasa njooni mtaani. Kata sitaji, wanaoijua wataijua. Ni huku pembezoni mwa Dar, ambako viwanja tuliuziwa kwa kupimiwa miguu na barabara ikategemea roho ya muuzaji. Kuna korongo, na juu yake palikuwa na kalavati la mabomba ya zege. Mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023 zikachimba upande mmoja, za Aprili 2024 zikamalizia. Mabomba mawili yamelala korongoni mpaka leo, moja watoto wamelifanya kijiwe. Tukachanga elfu kumi kila nyumba, tukanunua viroba na tripu za kifusi, mafundi wa mtaani wakapanga bila kudai ufundi. Masika iliyofuata ikaondoka na kila kitu.

Sasa hivi kuna vijana wameweka vigogo vya minazi na mbao juu yake. Ukivuka kwa miguu mia mbili, bodaboda jero (500), mvua ikikolea inapanda buku. Wana tochi, wana zamu, wakikuona na mgonjwa hawakudai. Wanafunzi wanapita bure wakiwa na sare. Ndiyo mamlaka pekee ya barabara inayofanya kazi mtaani kwetu, na haijawahi kumkata mtu hela bila kumvusha.

Bajaji haziji tena upande wetu. Boza la maji likija linazungukia barabara ya nyuma na bei inapanda kwa ajili ya huo mzunguko. Gari la taka ndiyo limesahau kabisa, lakini mkusanyaji wa hela ya taka hajasahau: anavuka mbao kwa miguu, mashine ya risiti mkononi, anapiga hodi nyumba kwa nyumba. Ukimuuliza gari liko wapi anasema gari haliwezi kupita, barabara mbovu. Anasema hivyo huku anakutolea risiti.

Kuna siku lilikuja greda. Watu wakatoka nje, akina mama wakapiga vigelegele, diwani akapiga picha na kofia ngumu kichwani. Greda likalima barabara kwenda na kurudi, likaondoka. Hakuna kifusi kilichomwagwa, hakuna mtaro uliochimbwa. Walichofanya ni kukwangua udongo mpaka barabara ikawa chini kuliko viwanja vyetu. Mvua ya kwanza barabara ikageuka mfereji, maji yakashuka nayo mpaka korongoni yakala kingo, na nyumba mbili za karibu na kalavati zikaanza kudai ukuta. Kabla ya greda tulikuwa na barabara mbovu. Baada ya greda tuna mto. Mhandisi gani anaandika kazi hiyo kwenye karatasi na kuiita matengenezo?

Tukamfuata diwani. Akatujibu kwa upole kabisa, barabara siyo za halmashauri tena, ni za TARURA, wakala wa serikali kuu. Na kweli, tangu 2017 barabara za mitaa na vijijini ziko TARURA. Mhandisi mmoja tuliyempata akasema kalavati limeingizwa kwenye mpango, tunasubiri fedha. Fedha gani tena jamani? Tangu Julai 2021 kila lita ya petroli na dizeli imeongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara hizi hizi. Bodaboda anayenivusha pale anailipa kila siku akiweka mafuta, kisha anailipa mara ya pili kwa vijana wa mbao.

Ukikomaa sana unaambiwa subirini DMDP, ule mradi wa kuboresha jiji la Dar. Awamu ya kwanza ilijenga barabara za kueleweka Temeke, Ilala na Kinondoni, taa na mitaro, tumeziona, sina ugomvi nazo. Ila mimi naongelea mabomba mawili ya zege. Tangu lini mabomba mawili yanahitaji mkopo wa Benki ya Dunia?

Mwenyekiti wa mtaa simlaumu sana, ingawa kuna watu watanishangaa. Yule baba ana muhuri, ana kiti, na ana simu inayoita usiku kucha watu wakigombana. Bajeti hana. Wakati wa mvua anasimama pale korongoni na mwavuli kama sisi. Ninachomlaumu ni mikutano. Mkutano wa wananchi wa kusomewa mapato na matumizi upo kisheria, siyo hisani ya mtu. Kwetu tunaitwa pale tu mgeni mkubwa anapokuja au mchango mpya unapoanza. Ile elfu kumi tuliyochanga kila nyumba, mpaka leo hakuna aliyetusomea tripu zilikuwa ngapi.

Na mtasema si mlimchagua? Novemba 27, 2024 nilipanga foleni. Nafasi ya mwenyekiti karatasi yetu ilikuwa na jina moja: Ndiyo au Hapana. Nchi nzima chama kimoja kikachukua zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Mtu aliyeshinda dhidi ya hewa utamtisha na nini? Kwamba 2029 utampigia hewa kura?

Ukitaka kuona jinsi huu mchezo ulivyo mzee, serikali za mitaa zilishawahi kufutwa kabisa mwaka 1972, ikaonekana wataalamu wa serikali kuu watazifanya kazi hizo vizuri zaidi. Huduma za miji zikaoza, mabaraza ya miji yakarudishwa 1978, sheria za serikali za mitaa zikatungwa upya 1982, na Mwalimu Nyerere mwenyewe baadaye akasema hadharani kuzifuta lilikuwa kosa. Leo hakuna aliyezifuta. Zimeachiwa jina na muhuri. Kodi ya majengo imeondoka, barabara zimeondoka, na Februari 2021 hata ile Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ya zamani ikavunjwa kwa tamko, Ilala ikavikwa ujiji. Sisi wa manispaa nyingine tulisikia kwenye taarifa ya habari. Mkoa una watu zaidi ya milioni tano kwa sensa ya 2022, na hakuna chombo kimoja cha kuchaguliwa kinachowajibika kwa mkoa wote.

Najua kuna watu wa "serikali imefanya mengi, acheni kulalamika". Pita kushoto. Na wewe wa "hama uende Masaki", nitumie kwanza hela ya kuhamia, namba nitakupa inbox.

Ninachokitaka ni kidogo. Meseji ya LUKU iandike wazi ni kodi ya jengo na inakwenda wapi, wasiifiche kwenye neno deni. Ofisi ya kata ibandike ukutani: kutoka kata hii zimekusanywa shilingi kadhaa, zimerudi shilingi kadhaa. Mfumo unajua kila mita ilipo, unashindwaje kujumlisha kwa kata? Na lile kalavati, mtu mmoja tu, mwenye jina na namba ya ofisi, aseme hili ni langu. Akisema halitajengwa mwaka huu nitamheshimu kuliko wote niliozungushwa nao.

Sasa naomba msaada, hasa wenye nyumba za uani kama mimi. Aliyefanikiwa kuondolewa kodi ya mita za ziada aseme alipita mlango gani, alipeleka karatasi zipi, na ile hela iliyokatwa zamani walimrudishia au ndiyo imeenda? Mwanasheria kama upo, mpangaji anaweza kumdai nani hiyo 1,500? Nimeshaambiwa mita zangu "zinashughulikiwa". Tarehe mosi ijayo nitanunua tena umeme wa elfu tano kwenye mita zote tatu, na meseji nitaziweka hapa hapa chini, tuhesabu pamoja.