Wanaume wa kanisa wapekuliane simu?

Mwenye Mada (Kondele): Ndugu zangu, ushirika wetu wa wanaume una pendekezo jipya. Kila Jumamosi baada ya maombi, wawili wawili wabadilishane simu, kila mtu apekue ya mwenzake: picha, video, meseji za usiku. Pasta anasema bila hivyo usafi wa mwili tutauhubiri tu. Mimi nimeoa, sina la kuficha, lakini nasita. Mwaonaje?

Jaduong' wa Mamboleo: Sisi tulipookoka tulitubu kwa vinywa mbele ya ndugu, kila dhambi kwa jina lake. Leteni hizo simu. Na kina dada wa kwaya nao wavae sketi ndefu, maana Daudi alisema ameagana na macho yake asimwangalie msichana.

Nyar Seme: Baba, kwa heshima yako, huyo ni Ayubu, sura ya 31. Daudi ndiye aliyekuwa juu ya dari akimwangalia mke wa mwenzake anaoga. Na Yusufu hakumwambia mke wa Potifa abadilishe nguo, aliacha vazi lake mwenyewe akatoka mbio. Sketi zetu zimeingiaje kwa simu zenu?

Jaduong' wa Mamboleo: Ayubu, Daudi, wote wazee wetu. Umenielewa.

Boda wa Nyalenda: Hiyo kitu niliiona kwa kanisa fulani. Jamaa wawili chini ya mwembe, mmoja simu iko mkono wa kushoto, kidole gumba kinafuta mbio mbio, mdomo unasema "Amina". Ilipofika kwa mwenzake ilikuwa safi kuliko ya askofu.

Fundi Redio: Nimecheka, lakini wacha niseme ukweli. Sijaoa, naishi chumba kimoja. Saa tatu usiku nazima simu, naitumbukiza kwa debe la unga, nafunika. Juzi nimeamka asubuhi simu iko kitandani na mikono yangu ni nyeupe hadi kwa kiwiko.

Mama Pendo: Pole mwanangu. Si uoe tu? Paulo alisema ni heri kuoa kuliko kuwaka tamaa.

Fundi Redio: Nioe na nini, mama? Ayie, ile pesa ya mama mkwe, peke yake imenishinda, na ng'ombe bado hatujawataja. Kanisani kwetu hufungishwi harusi kabla wazazi wa msichana hawajasema wameridhika. Mnafunga mlango halafu mnakuja kulinda dirisha.

Jaduong' wa Mamboleo: Usisingizie mahari! Mimi ng'ombe wangu niliwaswaga kwa miguu siku mbili, mvua ikininyeshea. Wewe pesa yote inaishia kwa bando.

Wakili Bila Kofia: Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 iko wazi: mahari kidogo ya ishara tu yatosha kuthibitisha ndoa.

Nyar Seme: Ndoa ya kimila, wakili. Huyu kijana anataka ya kanisa. Rudi usome.

Jaduong' wa Mamboleo: Ishara! Yaani uniletee kuku mmoja wa soko la Kibuye, nikupe binti niliyemsomesha hadi Chuo Kikuu cha Maseno?

Nyar Seme: Kumbe ni karo mnayodai. Si mngesema mapema, tuwape risiti.

Jaduong' wa Mamboleo: Nyar Seme, wewe mwenyewe ulitolewa ngapi?

Nyar Seme: Hilo muulize baba yangu, na uje umevaa viatu vya kukimbilia.

Boda wa Nyalenda: Mzee, hapo tafuta dari upande.

Mwenye Mada (Kondele): Jamani, mimi niliuliza simu.

Mama Pendo: Wewe nawe. Umesema huna la kuficha, halafu unasita. Hapo nimesoma mara mbili.

Mwenye Mada (Kondele): Kuna meseji za chama, mama. Mambo ya pesa za watu.

Boda wa Nyalenda: Chama kinakaa usiku?

Fundi Redio: Mwacheni. Saa tatu kasoro dakika mbili, naenda kwa debe. Mkiniona hapa tena usiku huu, mjue nimeshindwa.