Stesheni ya Pongwe: ni ya Mjerumani au Mwingereza?

Mgeni_wa_Pongwe: Wana Tanga, habari za jioni. Nimehamia Pongwe juzijuzi. Jirani yangu anasema reli hii kaijenga Mwingereza, bodaboda wangu kashikilia ni Mjerumani. Nani mkweli? Na Pongwe ilipewa stesheni kwa lipi?

Binti_Chumbageni: Mjerumani. Ingawa hapa Tanga kila ukuta mnene husingiziwa yeye 😂

Mzee_Taruma: Mlipe bodaboda wako soda. Reli ilianzia Tanga mjini 1893, ikapita hapo Pongwe, ikafika Muheza 1896. Kilometa kama arobaini, miaka mitatu! Kampuni iliishiwa fedha, 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. Korogwe wakafika 1902, Moshi 1911. Mwingereza aliikuta.

Na hawakumfikiria abiria, mwanangu. Walitaka mazao ya mashamba ya Usambara yafike bandarini. Mkonge nao uliletwa mwaka uleule wa 1893, ndio baadaye ukajaza mabehewa. Sisi tulipakiwa tu kwa kuwa treni inapita.

Marehemu baba alikuwa gangi, yaani fundi wa kukarabati njia ya reli. Asubuhi anatoka na nyundo na spana, anagonga mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli kuishikilia, huku ametega sikio. Lililokaa sawa linalia, lililolegea linaguna. Mataruma ya chuma hayo, maana ya mbao mchwa wangeyamaliza. Siku hizi wenye vyuma chakavu wanayaona mali.

Mgeni_wa_Pongwe: Shikamoo mzee. Kumbe! Na ile vita ya Tanga?

Mzee_Taruma: Marahaba. Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walishuka Ras Kasone, pwani ya hapa Tanga, na askari wengi kutoka India. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akateremsha watu wake kwa treni kutoka Moshi. Njia ni hii moja, kwa hiyo hapo kwenu walipita. Bila reli sidhani kama angewahi.

Binti_Chumbageni: Mie nakumbuka hadithi za bibi: machungwa ya Muheza yamemenywa, yamepangwa kwenye ungo, treni inaondoka na mteja bado anatafuta chenji dirishani. Muuzaji anakimbia nayo huku anamtukana!

Mgeni_wa_Pongwe: 😂😂 Ya abiria itarudi?

Mzee_Taruma: Ya mizigo ilirudi 2019. Ya abiria usiniulize mie. Ukienda kupiga picha, omba ruhusa kwanza.