Sarafu ya Nero ndani ya kitambaa: ni ya kweli?

Mwana-Kadutu: Wakubwa, mnisaidie. Jirani yangu hapa soko la Kadutu, Bukavu, amenitolea sarafu ya dhahabu iliyofungwa ndani ya kitambaa. Ina kichwa cha Nero, yule kaizari wa Roma, shingo nene, na herufi NERO CAESAR. Anataka dola 900. Miaka sita nakusanya sarafu, lakini zangu ni makuta za Mobutu tu! Mzani wa sonara umesoma gramu 7.2.

Mzee wa Nyawera: Mdogo wangu, uzito si mbaya. Aureus, yaani sarafu ya dhahabu ya Warumi, wakati wa kaizari Augusto ilikaribia gramu 7.9, mwaka 64 Nero akaipunguza hadi kama 7.3. Ila mghushi naye ana mzani. Tazama ukingo kwa lenzi. Warumi waligonga sarafu kwa nyundo, kwa hiyo mstari wa kalibu au vitundu vidogo vina maana imemiminwa. Halafu weka glasi ya maji juu ya mzani, rudisha sifuri, uzamishe sarafu kwa uzi bila kugusa chini. Dhahabu safi ya gramu 7.2 itaonyesha kama gramu 0.37, ndio uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu.

Dada Ibanda: Na bei hiyo, yaya? Aureus halisi ya Nero huuzwa maelfu ya dola.

Mwana-Kadutu: Nimepima mara tatu. 0.6.

Mzee wa Nyawera: 7.2 gawa kwa 0.6 ni 12, yaani sarafu yako ni nzito mara 12 kuliko maji ya ujazo uleule. Dhahabu safi ni 19.3, na ya Nero ilikaribia hapo. Mrudishie na kitambaa chake.

Mwana-Kadutu: Nimerudisha. Eti maji yangu ya bomba ni mazito.