Muuza maziwa nimepewa doksi (antibayotiki) ya wiki 6, maziwa niache kabisa?

Mama Mgando

Habari za humu jamani. Nina meza ya maziwa pembeni ya soko la Kilombero hapa Arusha, mwaka wa tisa huu. Asubuhi chai ya maziwa na maandazi, mchana mtindi kwa kikombe, na wenye hamu ya loshoro, yale mahindi ya mtindi, nawapikia.

Tangu masika nina homa nisiyoielewa. Mchana mzima niko sawa, ikifika saa kumi na mbili jioni mwili unawaka, usiku nalowa jasho hadi nabadilisha shuka, alfajiri nimepoa kabisa. Kiuno na magoti ndiyo usiseme. Nimetibiwa malaria mara mbili, taifodi mara moja. Wiki iliyopita daktari mmoja kijana akaniuliza swali ambalo wenzake hawakuniuliza: mama, unafanya kazi gani? Kusikia maziwa tu akaagiza damu ipimwe brusela, ugonjwa wa mifugo unaoshika na watu. Ikaonekana.

Sasa nina bahasha mbili. Ya doksi imeandikwa 1x2, wiki 6. Ya rifampisini 2x1, wiki 6 pia. Aliyenipa dawa alisema kwa haraka, maana foleni ilikuwa ndefu, "maziwa usinywe na hii". Nimefika kwenye daladala ndipo nikajiuliza: na hii ipi? Na nisinywe lini, siku nzima au pale pale?

Nyumbani kila mtu daktari. Mama mkwe anasema maziwa huua sumu, na dawa ni sumu, basi nikinywa maziwa nimeua dawa. Shemeji yangu ni fundi rangi, kila akitoka kazini hunywa nusu lita "kusafisha kifua". Yeye anataka nimezee vidonge kwa maziwa ili tumbo lisichubuke. Na mimi kuonja maziwa ndiyo kazi yangu, saa kumi na moja alfajiri wakileta madumu nimeshaanza. Wiki 6 bila hata chai? Na mtindi je? Naomba anijibu anayejua, wa kubahatisha ninao nyumbani.

Kijana wa Ngaramtoni

Shikamoo mama. Mimi mwezi wa pili nilimeza amoksilini na maziwa siku zote saba na jino likapoa. Watu wanatishana tu.

Zamu ya Usiku

Pole mama. Nipo duka la dawa mwaka wa kumi na mbili, na swali hili naulizwa karibu kila siku.

Kijana hajakosea kwa upande wake. Amoksilini haigombani na maziwa. Metronidazo nayo haina shida na maziwa, ile shida yake ni pombe. Ndiyo maana kusema "antibayotiki na maziwa haviendi" ni kuchanganya mambo. Zinazogombana ni koo mbili hasa: ya tetrasaiklini, ambako doksi ndiko kwao, na ya sipro. Maziwa yana madini ya kalsiamu. Dawa hizi zikikutana nayo tumboni hushikamana, kinatokea kitu ambacho utumbo haukinyonyi vizuri, kinatoka na choo. Dawa haijageuka sumu, wala maziwa hayajaiua kama anavyosema mama mkwe. Imekosa tu kuingia kwenye damu. Tetrasaiklini ya zamani ikikutana na maziwa hupotea nusu na zaidi. Sipro hupungua kama theluthi. Doksi ni ngangari kidogo, hupoteza kama sehemu moja kwa tano. Kwa jino labda usijue. Kwa brusela, mdudu anayejificha ndani ya seli na kurudi miezi baadaye, mimi nisingempa hata hiyo sehemu moja.

Kwa hiyo huachi maziwa, unayatenganisha na kidonge. Acha saa mbili kabla na saa mbili baada. Kwa ratiba yako: amka saa kumi na nusu, rifampisini na doksi kwa glasi nzima ya maji tumbo likiwa tupu. Ukisikia kichefuchefu, baada ya muda kula kipande cha muhogo au kiazi, sio chapati na chai ya maziwa. Kuanzia saa moja asubuhi kunywa chai yako. Saa tisa alasiri funga maziwa, saa kumi na moja jioni doksi ya pili. Kuanzia saa moja usiku uko huru. Mtindi uhesabu kama maziwa, kalsiamu ni ile ile. Siagi kidogo kwenye mkate isikunyime usingizi.

Chunga zaidi vile vidonge vya kutafuna vya kiungulia na vidonge vya kuongeza damu. Hivyo hushika doksi vibaya kuliko hata maziwa. Na kama uko kwenye vidonge vya uzazi wa mpango au vijiti, rudi ukamwambie daktari, rifampisini huvipunguzia nguvu. Kama kuna mimba, au hata unaihisi tu, sema leo leo, doksi si ya mjamzito.

Bi Chausiku

Naongezea: doksi usiimeze ukalala! Mimi nilimeza saa nne usiku kwa funda moja la maji, nikajitupa kitandani. Kidonge kikakwama kifuani kikachoma. Siku tano kumeza mate tu ni kilio. Kaa wima nusu saa, maji mengi. Na ukikaa juani jitande khanga, ngozi huungua upesi.

Mfugaji wa Kisongo

Mama, mbona hamna anayekuuliza hilo la kuonja? Unaonja mabichi?

Mama Mgando

Mabichi. Kila dumu, kijiko kimoja. Nitajuaje kama yamechacha?

Mfugaji wa Kisongo

Basi ndiko ulikoitoa. Brusela huku kwetu ndiyo ule ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba, na hupita kwenye maziwa mabichi. Chota kidogo kwenye kijiko, kiweke kwenye moto. Yakikatika mabonge yamechacha, yakichemka laini ni mazima. Ulimi uupumzishe. Na mtindi wako chemsha kwanza, poza, ndipo ugandishe. Uchachu peke yake usiuamini.

Halafu ucheke kidogo: doksi ni ndugu wa OTC, yaani oksitetrasaiklini, tunayochoma ng'ombe. Ukiona maziwa yanagoma kuganda, muulize aliyeleta kama ng'ombe kachomwa sindano juzi. Siku hizo maziwa hayauzwi, ila wapo wanaouza.

Mama Mgando

Marahaba kijana, na ahsanteni wote. Leo siku ya nne. Nimeanza kijiko cha moto, na asubuhi hii dumu moja limekatika, mwenye dumu kaninunia. Wateja wananicheka kuniona saa kumi na mbili nakunywa maji matupu nyuma ya sufuria ya maziwa. Yule mleta maziwa ambaye wiki jana mtindi wake ulikaa siku mbili kama uji nitamuuliza kesho.

Ila Zamu ya Usiku, hukunitahadharisha. Nimekwenda haja ndogo nimetoka mbio, mkojo rangi ya Fanta!

Zamu ya Usiku

Samahani mama, hilo nilisahau. Ni rifampisini, haidhuru. Hata machozi na jasho hubadilika, kwa hiyo usivae gauni jeupe. Lakini macho yakiwa ya njano, hiyo si rangi ya dawa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.