Siku moja kwa gari Kigoma: Manyovu, Uvinza au kando ya ziwa?

Mwanagungu
Wanajamvi, salaam. Mama mkwe na shemeji zangu wawili watawasili kwa treni kutoka Dodoma mwishoni mwa mwezi, nami nina siku moja tu ya kuwatembeza kwa gari dogo. Nimebakiza njia tatu: kupanda milima kupitia Mwandiga na Kalinzi hadi Manyovu, kwenda Uvinza kwenye chumvi, au kubaki kando ya ziwa, yaani Ujiji, Katonga na Kibirizi. Gombe nimeiondoa, kwa kuwa hufikiwa kwa boti na mama mkwe hapandi boti. Mngenishauri ipi?

Mkahawa wa Kalinzi
Mtasema navutia kwetu, lakini chagua Manyovu. Kutoka Mwandiga ni takribani kilomita 60 za lami yenye kona nyingi, na raha yake ni kuiona nchi ikibadilika dirishani: huku chini ni michikichi, kisha kadiri mnavyopanda inapungua na kuwaachia nafasi migomba na kahawa ya arabika kwenye miteremko. Ondokeni asubuhi. Msisimame konani kununua ndizi, hata akina mama wakiwaita vipi, kwa sababu malori hushuka yakiwa yamejaa. Na wakati wa kurudi tumia gia ndogo badala ya kukanyaga breki njia nzima. Kila mtu abebe kitambulisho, maana Manyovu ni mpakani na Burundi.

Fundi Reli
Uvinza naipenda, kwani maji ya chemchemi zake yamekuwa yakichemshwa kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Hata hivyo ni zaidi ya kilomita 100 kwenda tu. Usimfanyie hivyo mama mkwe.

Binti Ujiji
Ndugu Mwanagungu, mgeni aliyetoka Dodoma amekuja kuona maji. Pale Ujiji penye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871, wageni hushangaa kwamba ziwa liko mbali kidogo, na wengi hudhani wameelekezwa vibaya. Waeleze kwamba zamani hizo maji yalikuwa juu zaidi, na kwamba yalianza kushuka baada ya mwaka 1878, Mto Lukuga ulipojifungulia njia upande wa Kongo. Katonga nendeni mapema, wakati dagaa wabichi wanatandazwa juani. Ukifika mchana utakuta wamekwisha kukauka na wachuuzi wanafunga magunia.

Mwanagungu
Sasa mmenitatiza, maana Manyovu mnaitaka asubuhi na Katonga pia mnaitaka asubuhi.

Fundi Reli
Tazama mwezi, Mkuu. Dagaa huvutwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikikolea wavuvi hupumzika na vichanja hubaki vitupu. Wageni wakiangukia siku hizo, Katonga haina la kuwaonyesha.

Mwanagungu
Nimeangalia kalenda: wanafika siku mbili kabla ya mwezi mpevu. Basi asubuhi tutapanda Manyovu, na alasiri tutashukia Ujiji.

Binti Ujiji
Sawa, ila msichelewe huko juu, kwani sehemu ya kumbukumbu haibaki wazi hadi jioni. Na mama mkwe mtafutie mgebuka wa kuchoma na ugali wa muhogo, si chipsi.