Lenzi pana au lenzi ndefu kwa picha za mji mdogo wa milimani?

Ukungu_wa_Asubuhi: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Napiga mji mdogo uliobanwa katikati ya milima, nataka picha ya kutundika ukutani siyo ya kumbukumbu tu, na uwezo wangu ni lenzi moja, ile pana ya milimita 16-35 au ile ndefu ya 70-200. Nimeazima zote wikiendi hii, kwa ile pana mlima uliokuwa unanitisha kwa macho umetoka kama kichuguu, nakosea wapi?

Mzee_wa_Stendi: Hujakosea mkuu, lenzi pana ndivyo ilivyo, cha karibu inakikuza cha mbali inakisukuma nyuma. Chukua 70-200. Panda mteremko wa ng'ambo, uwe mbali kabisa na nyumba, halafu vuta, utaona mabati na jabali vinabanana mlima unarudi na ukubwa wake. Umbali ndo unafanya kazi hapo, lenzi inakusaidia tu kukata visivyohitajika.

Bi_Nuru: Sikubaliani sana kaka. Lenzi pana inataka kitu cha mbele, ukiipa inakulipa. Juzi nimekuta dimbwi kwenye njia ya mawe, upana wake kama sinia, nikashusha kamera karibu iguse maji, f/11 (tundu dogo la lenzi, ili vya karibu na vya mbali vyote vitoke vikali), mlima mzima na mnara vikaingia mle ndani. Kwa lenzi ndefu hiyo picha hupati.

Mzee_wa_Stendi: Nzuri hiyo dada, lakini mji uko wapi hapo? Muangalie Ansel Adams, yule mpiga picha wa Marekani, ile picha ya Hernandez kule New Mexico mwaka 1941, mwezi juu, kijiji chini na misalaba ya makaburini inang'aa. Lenzi ndefu ile, na mita ya mwanga, kile kifaa cha kupimia mwanga, hakuiona akakadiria kwa mwangaza wa mwezi.

Kivuli: Mnasahau saa jamani. Bondeni jua linapotea nyuma ya mlima mapema kuliko machweo yanayoandikwa kwenye programu, kwahiyo wahi. Subiri taa za nyumba ziwake anga bado bluu, ISO 100 (usikivu mdogo wa mwanga, picha inatoka safi), kamera kwenye stendi, taima sekunde 2 isitikiswe na kidole. Na usiku ukiwa hauna mawingu wala upepo baada ya mvua, amka alfajiri, hewa baridi inashuka bondeni ukungu unalala juu ya mapaa.

Ukungu_wa_Asubuhi: Asanteni sana. Nimezirudia picha zangu, zote ninazozipenda nimepiga kuanzia milimita 100 kwenda juu, basi ni 70-200. Mvua imekatika saa hizi na nyota zinaonekana, saa kumi na moja niko mteremkoni.